Sura ya Saba: Saa Nane Hadi Saa Moja

Kengele ya mwisho katika shule nyingi za msingi za Dar es Salaam hulia mchana, jua likiwa bado kali. Mama aliyeajiriwa kwenye kiwanda cha Barabara ya Nyerere anatoka saa kumi na moja jioni, na akishatoka bado ana daladala mbili na foleni ya Mbagala mbele yake. Piga hesabu, utabaki na saa tano; siku ya mvua, sita. Sura hii ni ya saa hizo tu, kwa sababu ndizo saa ambazo mtoto hayumo kwenye daftari la mtu yeyote. Mwalimu anamhesabu mpaka getini. Mwajiri anamhesabu mama yake. Konda, akiona shati jeupe na sketi ya bluu kituoni, anawaza nauli ndogo ya mwanafunzi, kisha anagonga bodi gari iondoke.

Muulize mzazi wa mjini watoto wanabaki na nani, atakujibu bila kusita: "Wapo na dada yao." Uliza dada yao ana miaka mingapi, uone mazungumzo yanavyogeuka.

Watu wengi wakifika hapa huanza na lawama: wazazi wa siku hizi, akina mama wa kazi, akina baba wasiojali. Mimi naanza na ratiba. Ada ya shule za msingi nchini Tanzania ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 elimu ikawa bila malipo mpaka kidato cha nne. Watoto wakafurika, na vyumba vya madarasa havikuongezeka kwa kasi yao. Shule nyingi za mjini zikaigawa siku vipande viwili, zamu ya asubuhi na zamu ya mchana, darasa moja likatumiwa na watoto wa aina mbili wasiofahamiana.

Anayekumbukwa ni wa zamu ya asubuhi, yule anayerudi adhuhuri na kukuta nyumba tupu. Wa zamu ya mchana nadhani ana kazi ngumu zaidi. Wazazi wameondoka alfajiri, na asubuhi yote ni yake peke yake. Anapasha kiporo, anaoga, anatafuta soksi, anafunga mlango na kuuficha ufunguo mahali wanapopajua watu wawili tu. Mtoto wa miaka minane anatunza muda bila saa: anajua aondoke katuni fulani ikiisha kwenye runinga, au adhana ya adhuhuri ikikaribia, au jirani akianza kuanua nguo. Umeme wa Luku ukiisha asubuhi hiyo, katuni haionyeshwi, anachelewa, na shuleni hakuna atakayemuuliza habari za Luku.

Halafu kuna mji wenyewe. Sensa ya 2002 iliikuta Dar es Salaam na watu wapatao milioni 2.5, ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Waliozidi hawakupata nafasi Ilala wala Magomeni. Walikwenda Chanika, Chamazi, Bunju, Kibamba, kule ambako mshahara wa kawaida uliweza kununua kiwanja. Kazi hazikuwafuata, zilibaki Kariakoo, Posta, Mikocheni na viwandani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 9 za kazi kwa siku na 45 kwa wiki, lakini saa za barabarani ni za mfanyakazi mwenyewe. Sheria hiyo hiyo inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na akirudi kazini anaruhusiwa kwenda kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Ni sheria yenye huruma kwa mtoto asiye na meno. Akishaota meno na kuanza darasa la kwanza, haimkumbuki tena.

Na huyo ni mwenye mkataba. Mama lishe na machinga hawana saa ya kutoka kabisa, kwa sababu wateja wao ndio kwanza wanatoka kazini. Februari 2025 biashara ya saa 24 ilizinduliwa Kariakoo kwa shangwe. Kuhusu nani atakaa na watoto wa wauzaji saa tatu za usiku, sikusikia hotuba.

Kuna kitu kingine kilichobadilika bila mtu kukipigia kura, nacho ni nyumba. Nyumba ya Kiswahili, ile ya Ilala, Kariakoo na Temeke ya zamani, ilikuwa na korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani kuna choo, jiko na karo, mbele kuna baraza. Kila chumba kilikuwa na familia yake. Mtoto akirudi kutoka shule mama yake hayupo, lakini mama wa chumba cha pili yupo uani anachambua mchele, na barazani kuna wazee wanacheza bao. Hakuna aliyewaagiza wamwangalie. Walimwona tu, na kuonwa huko kulitosha kumzuia asichezee kiberiti. Juu yao kulikuwa na balozi wa nyumba kumi, mfumo ulioanzishwa na TANU miaka ya 1960, ambaye pamoja na siasa zake alijua mtoto wa nani anapita wapi na saa ngapi.

Sasa ndoto ya kila mpangaji ni "kuhamia kwangu", na kwangu maana yake ni ukuta, geti la chuma na vipande vya vioo juu. Ndiyo sababu mtoto wa mpangaji wa Manzese, chumba kimoja na sebule, ana macho mengi zaidi ya kumlinda kuliko mtoto wa ofisa aliyejenga Goba. Yule wa Goba ana friji, runinga ya ukutani na mbwa. Akiteleza bafuni saa tisa, atasikiwa na mbwa.

Lakini sitausifu uani kupita kiasi. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, matokeo yakatangazwa 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 yaliyowapata utotoni. Karibu watatu kati ya kumi wa kike, na takriban asilimia 13 ya wa kiume, walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mahali palipotajwa zaidi na wasichana ni nyumbani mwa mtu. Watu wasiojulikana, ambao ndio tunaowatishia nao watoto, walitajwa, lakini majirani nao walitajwa sana. Maana yake ni kwamba yule "anko" wa chumba cha mwisho, anayemwita mtoto kuangalia mpira, anaweza kuwa ndiye hatari yenyewe. Jirani wa kumwachia mtoto anachaguliwa, kwa jina na kwa sababu. Hapatikani kwa kuwa tu anaishi karibu.

Woga wa mambo hayo ndio unaowafanya wazazi wengine wafunge kufuli kwa nje. Wanaondoka na ufunguo kwenye pochi, watoto wamo ndani na sahani ya wali, wakiwa na uhakika kwamba hakuna atakayeingia. Ni kweli hakuna atakayeingia. Nyumba zetu zina nondo kila dirisha, mlango wa mbao na mwingine wa grili, na dari za mbao au jipsamu. Cheche ikianzia sebuleni, watoto hao hawana pa kutokea, na jirani aliyekuja na ndoo ya maji atasimama dirishani akiwasikia. Zimamoto wanapigiwa 114. Wakishafika bado kuna geti na kufuli. Katika yote yaliyomo katika sura hii, hili la kufuli kwa nje ndilo ninaloomba liachwe leo, kabla hujamaliza kusoma. Ufunguo wa pili ukae kwa jirani uliyemchagua, na angalau dirisha moja liwe na grili inayofunguka kwa ndani, ambayo mtoto amejifunza kuifungua gizani.

Nikiwa hapo hapo nyumbani, niseme na hatari nyingine zilizomo ndani. Mafuta ya taa hukaa kwenye chupa ya soda, na mtoto mwenye kiu haonji kwanza. Akinywa, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa. Mafuta yakirudi juu huingia kwenye mapafu, na hapo ndipo yanapoua. Apelekwe hospitali. Gesi ya kupikia nayo imeingia majumbani kwa kasi, na serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni jambo jema kwa mapafu ya akina mama. Ila gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, kimo kile kile cha mtoto aliyelala kwenye mkeka. Mtoto anayerudi peke yake lazima ajue jambo moja: ukisikia harufu, usiguse swichi, usiwashe wala usizime chochote, acha mlango wazi, toka, ita mtu mzima. Na mzazi afunge mtungi kabla ya kuondoka, kila siku, hata kama anaamini umefungwa. Njombe na Mbeya, kwenye baridi, hatari ni jiko la mkaa lililoingizwa chumbani na mlango ukafungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu, watoto wanasinzia tu. Mtoto anayeanza kutambaa anaweza kuzama kwenye ndoo ya maji. Kuhusu kuungua na uji: maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Dawa ya meno ni ya meno.

Turudi kwa yule dada yao.

UNICEF, katika dodoso lake la kaya linalotumika nchi nyingi, huuliza kama katika wiki iliyopita mtoto wa chini ya miaka 5 aliachwa peke yake kwa zaidi ya saa moja, au aliachiwa mtoto mwenzake wa chini ya miaka 10. Majibu yote mawili huingia kwenye fungu moja: mtoto asiye na uangalizi wa kutosha. Kwetu hesabu hiyo inauma. Kila mtu mzima wa rika langu ana hadithi ya kumbeba mdogo wake mgongoni akiwa na miaka saba, na huisimulia kwa fahari. Ni kweli tulibeba. Ila tulibebea uani, bibi akiwa hatua kumi, na mdogo akilia zaidi ya kawaida bibi alimchukua. Binti wa leo anambeba mdogo wake nyuma ya geti lililofungwa, na akilia zaidi ya kawaida, binti analia naye.

Na karibu kila mara ni binti. Kaka yake wa miaka kumi na miwili yuko kiwanjani kwenye chandimu, na jioni atarudi kwa kuitwa. Yeye amerudi saa nane, ameosha vyombo vya asubuhi, amechota maji, amebandika maharage, na rede anaisikia kwa wenzake upande wa pili wa ukuta. Simu ya mama inaita saa kumi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmekula?"

"Tumekula."

"Mdogo wako?"

"Amelala."

"Usimfungulie mtu mlango. Nakuja."

Hajamuuliza kama amefanya kazi ya hesabu, na binti hatasema. Matokeo ya darasa la saba yakitoka, watu watasema watoto wa kike wa mtaa ule hawana akili ya hesabu.

Sheria inasemaje? Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 9, inamtaka mzazi amlinde mtoto dhidi ya kutelekezwa na hatari za mwili na maadili, na ahakikishe kwamba anapokuwa hayupo kwa muda, mtoto anatunzwa na mtu mwenye uwezo. Anayekiuka wajibu huo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo cha miezi sita, au vyote viwili. Kifungu hicho hakitaji umri wa huyo mwenye uwezo, wala umri ambao mtoto anaweza kubaki peke yake. Waingereza nao hawakuutaja umri katika sheria yao. Sheria ya 1933 inaangalia kama mtoto aliachwa katika hali inayoweza kumletea mateso au madhara, na shirika la NSPCC hushauri kwamba aliye chini ya miaka 12 ni nadra kuwa amepevuka vya kutosha kubaki mwenyewe kwa muda mrefu. Mswahili aliyehamia London na kumwachia binti wa miaka tisa wadogo zake wawili, kama alivyoachiwa mama yake Tanga, anaweza kubishiwa hodi na ofisa wa ustawi wa jamii. Dar es Salaam hodi hiyo haipo, na hata ingekuwepo sidhani kama ingetufaa. Ukiwafunga wazazi wote walioacha watoto peke yao Chanika Jumanne moja, utakuwa umewaacha watoto hao peke yao Jumatano pia.

Wenye uwezo walikuwa na njia yao: bweni. Mtoto wa miaka sita alifungashiwa godoro na sanduku la chuma, akarudi nyumbani likizo. Machi 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini marufuku ile iliwarudisha watoto nyumbani bila kuuliza nyumbani kuna nani mchana. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali, iliyozinduliwa Desemba 2021, imefanya kazi ya maana ya kuwafanya watu wazungumzie malezi, ila inaishia miaka 8. Vituo vya kulelea watoto mchana ni vya wadogo zaidi. Mtoto wa miaka tisa amekuwa mkubwa kwa serikali, na bado ni mdogo kwa jiko la gesi.

Anayebaki ni dada wa kazi. Amri ya mishahara ya 2022 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa dada wa kawaida anayelala kwa mwajiri. Kwa fedha hiyo ni mpishi, dobi, mlinzi, muuguzi, na mama wa pili. Sheria inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na wengi wanafika mjini wakiwa wameivuka kwa miezi michache tu, kama wameivuka. Hapo tumemchukua mtoto wa mtu kijijini, tukamtoa kwenye uangalizi wa mama yake, ili wetu wapate uangalizi.

Penye mfano mzuri hatupaangalii, kwa sababu tumepazoea. Nenda Tanga, Pangani au mtaa wowote wa Unguja saa nane mchana. Mtoto amerudi shule, amekula, amevaa kanzu au hijabu, anakwenda chuoni, yaani madrasa. Atakaa huko mpaka alasiri ipite, wengine mpaka magharibi ikaribie. Ustadhi anamjua baba yake, na mtoto asipoonekana siku mbili anatumwa mwenzake kuuliza. Vyuo vingine vimejaa kupita kiasi, na viko ambavyo fimbo inafanya kazi kuliko mwalimu. Hata hivyo pwani ina kitu ambacho bara haina: mahali maalumu pa mtoto katika saa zile zile ambazo Dar ya magetini imeziacha wazi, panapogharimiwa na mtaa wenyewe, kwa mchango ambao hata mvuvi anaumudu. Wengine wana tuisheni, lakini hiyo ni ya mwenye fedha, na huongeza masomo kwa mtoto ambaye alichohitaji ni uji, kivuli na mtu mzima.

Kinachotakiwa basi si kigeni. Kila mtaa una mwalimu mstaafu. Una ukumbi wa kanisa unaotumika Jumapili, na darasa la madrasa lisilotumika asubuhi, ambalo lingewafaa hasa watoto wa zamu ya mchana. Una akina mama wanaouza genge mbele ya nyumba zao, wapo pale siku nzima, ambao wangekubali kuandikwa majina na kulipwa kidogo ili watoto kumi wapite kwao kwanza kabla ya kwenda ndani. Mkono mmoja haulei mwana. Basi mikono iandikwe, ichunguzwe na ilipwe, tusiitegemee bahati. Mwajiri naye anaweza kumruhusu mzazi wa mtoto wa msingi aanze saa moja mapema na kutoka saa moja mapema. Hilo halihitaji bunge.

Kwa hiyo, msomaji, mkutano wa mtaa wako ukiitishwa, wakimaliza habari za taka na ulinzi shirikishi, nyoosha mkono. Uliza ni watoto wangapi wa mtaa huu wako peke yao kati ya saa nane na saa moja, na nani anawajua kwa majina. Usikubali jibu la "wapo na dada zao." Na kama kuna mtoto unayemjua ambaye hali yake haiwezi kusubiri mkutano, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, Tanzania na Kenya, ni 116, na kupiga ni bure.